Maiti Hashiki Mwiko

Kengele ya kigango cha Mtakatifu Ana si kengele hasa. Ni rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mkaratusi nyuma ya kanisa, na hugongwa kwa kipande cha nondo. Hata hivyo wakazi wa mtaa ule wa Matogoro wanaielewa kuliko wanavyoielewa taarifa ya habari. Ikigongwa haraka haraka ni ibada, na waliolala wajikokote. Ikigongwa taratibu ni msiba: mapigo matatu matatu amefariki mwanamume, mawili mawili amefariki mwanamke.

Alhamisi ile, saa mbili na nusu asubuhi, iligongwa taratibu, mawili mawili.

Notburga alikuwa barazani kwenye cherehani yake, anamalizia sketi za shule ambazo mwenyewe alishazifuata mara mbili na kuondoka amenuna. Akaondoa miguu kwenye pedali, akafanya ishara ya msalaba, akaanza kuwapitia kichwani wanawake wagonjwa wa mtaa mzima. Hakuwamaliza. Macho yake yalikuwa yametua kwenye kiti cha baba mkwe wake. Fimbo ilikuwepo, kofia ilikuwepo, kikombe cha uji kilikuwepo. Mzee Rupert hakuwepo.

"Mungu wangu, ni Dadi," akasema. Ndivyo alivyomwita baba mkwe wake, kwa Kingoni, na ndivyo mzee alivyopenda kuitwa.

Kwa miaka thelathini na minne mgonga kengele wa kigango alikuwa Mzee Rupert Luambano. Sasa alikuwa na miaka sabini na tisa, na mwaka wa tatu huu kumbukumbu zilikuwa zinamtoka kama mahindi kwenye gunia lililotoboka. Daktari aliita dimenshia. Alisema ni ugonjwa wa ubongo, si kurogwa wala si ukorofi wa uzeeni, akampa Notburga ushauri mwingi na vidonge vichache. Mzee alishasahau mwezi, mwaka na jina la mkwewe. Mkono ndio ulikuwa haujaisahau nondo.

Wiki moja kabla, mzee alikutwa katikati ya barabara ya Tunduru, anasimamisha malori kwa mkono kama trafiki. Jioni hiyo hiyo mume wa Notburga, Leo, naye dereva wa lori, alipiga simu kutoka safarini. "Jumamosi nakuja na fundi," alisema. "Kile chumba cha uani tukitie komeo kwa nje. Kaka George amekubali, na hela ametuma." Notburga akajibu sawa. Alisema sawa kwa kuwa alikuwa amechoka, na tangu alipolisema neno lile usingizi ulimgomea. Alijua habari za milango. Siku ya kwanza unaufunga kwa saa moja ili uende sokoni, ya pili kwa saa mbili, na mwezi ujao unasahau kuufungua.

Basi akatoka mbio, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, kandambili moja ikabaki kwenye matope ya shamba la jirani. Alipita njia ya mkato. Kanisani hakukuta mtu. Nondo ilikuwa chini, rimu bado inatikisika. Moyo ukamwenda barabarani, kwenye malori, akateremka huko huko bila kufikiri mara mbili.

Alitafuta kwa saa nzima na nusu. Aliuliza kwa wauza mkaa, aliuliza mashineni, aliuliza kwenye kijiwe cha bodaboda, ambako mmoja alimjibu, "Mama, huyo mzee wako mfunge kamba," na wenzake wakacheka. Notburga hakuwa na nguvu za kutukana. Akageuka kurudi nyumbani achukue simu, anachechemea na kandambili moja.

Alipokata kona ya kwake akasimama.

Uwanja wake ulijaa watu.

Wanaume walikuwa wanafunga turubai kwenye mwembe na nguzo ya bafu. Kuni zilishapangwa. Wanawake, kanga viunoni, walikuwa wanapokezana ndoo za maji, na sufuria kubwa la jumuiya ya kanisa, lile ambalo hutoka stoo kwa msiba na Pasaka tu, lilishakaa kwenye mafiga. Mkekani, katikati ya wazee wenzake, aliketi Mzee Rupert mzima wa afya, analia kwa adabu, watu wanampa mkono mmoja mmoja.

Notburga akamshukuru Mungu kwanza. Halafu akajiuliza: sasa nani amekufa nyumbani kwangu?

Jibu alilipata kwenye cherehani yake. Pale alikuwa ameketi Bakili, fundi baiskeli, Myao wa Tunduru na mtani wa Wangoni wote wa mtaa ule. Kazi ya mtani msibani inajulikana: wengine walie, yeye amwigize marehemu. Bakili alikuwa amejitanda kanga ya Notburga kichwani, anakanyaga pedali kwa nguvu, kisha anakurupuka, anakimbia hatua tatu, anarudi, anakanyaga tena.

"Dadi, rudi!" alilalama kwa sauti nyembamba. "Dadi, suruali haivaliwi kichwani! Dadi, huko ni kwa watu! Jamani mteja wangu, sketi kesho. Kesho kweli. Dadi! Dadi, chumvi hiyo si sukari!"

Watu wakacheka huku wanapangusa machozi. Notburga, nyuma yao, akatazama maisha yake yakichezwa na mwanaume mwenye ndevu, na la ajabu ni kwamba Bakili hakukosea hata kitu kimoja. Alijua hata namna anavyojishika kiuno anapoinuka.

Hapo Mama Suzana, mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke wa mwili na sauti, akapasuka kulia.

"Notburga weee! Notburga mwanangu! Umemlea mzee wa watu peke yako, hukulalamika! Umekonda tukikuona! Hata kwaya uliacha, tukajua ni kwa sababu ya mzee! Nani sasa atamfanyia kama wewe? Notburga, ungetuambia tu kwamba umechoka!"

Notburga akamtazama. Huyu ndiye Mama Suzana ambaye mwezi uliopita alimletea bakuli la ugali na mboga, limefunikwa vizuri kwa kitambaa, na kusema mbele ya wateja: "Hiki ni cha mzee. Kapita kwangu anasema hajala tangu jana. Mimi siulizi kitu, mwanangu." Mzee alikuwa amekula dakika kumi kabla ya hapo. Notburga alilipokea lile bakuli kwa mikono miwili na kusema asante.

"Hodi," akasema sasa.

Mtu wa kwanza kugeuka alikuwa Sabra, mke wa Bakili. Aliangusha ndoo. Wa pili akamwangusha Sabra. Benchi la kanisa likapinduka na wazee wanne, turubai likaachiwa upande mmoja likawafunika wapishi, na mwanamume mmoja aliyekuwa anapasua kuni akatimka na shoka lake hadi kwa jirani, akarudi baadaye akidai alikwenda kulinoa. Bakili peke yake hakukimbia. Aliinuka taratibu kwenye cherehani, akavua kanga, akaikunja.

"Dada," akasema, "nilikuwa nakushikia nafasi tu."

Ikachukua muda mrefu kuelewana, kwa sababu wote walisema kwa pamoja na Mama Suzana alikuwa anamshika Notburga mashavu, mabega na masikio kama anayenunua kuku. Mkosaji, kama kulikuwa na mkosaji, alikuwa Edmund, katekista, kijana mtaratibu aliyehamia kutoka Mbinga mwaka huo huo. Alimkuta Mzee Rupert kwenye rimu analia. "Nani, baba?" "Mke. Nyumbani kwangu. Wamembakiza hospitali." Edmund alijua kwa mzee yule kuna mwanamke mmoja tu. Akamshika mkono, akamrudisha kwa njia kubwa, wakapishana na Notburga aliyepita ya mkato. Walipofika wakakuta mlango wazi, cherehani imeachwa na sindano ndani ya kitambaa, simu imezima chaji, na mama mwenyewe hayupo. Ushahidi gani tena? Akaandika kwenye kundi la jumuiya: tumepata msiba kwa Mzee Rupert, Notburga hatunaye, mwili upo hospitali.

"Naomba radhi, mama," Edmund alisema, jasho linamtoka. "Sikujua. Mimi mgeni."

"Mke ni Ida," Notburga akasema. "Mama mkwe wangu. Ana miaka kumi na moja kaburini."

Wapo walioanza kunong'ona kuwa ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, na mzee mmoja aliyeleta kuni akaanza kuzifunga tena, maana za kwake ni za mti mgumu na msiba umevunjika. Hakuna aliyemzuia. Akazibeba kichwani, akaaga, akaenda zake.

Notburga alikuwa bado anamtazama Mama Suzana. "Kumbe mlikuwa mnaona," akasema. Hakupaza sauti. "Kukonda mliona. Kwaya mliona. Bakili hadi chumvi na sukari ameona. Mlikuwa mnangoja nife ndipo mje?"

Mama Suzana alifungua mdomo, akaufunga. Kwa miaka kumi na tano ya uongozi hajawahi kukosa la kusema, na wengi waliokuwepo wanalisimulia jambo hilo mpaka leo kuliko hata kufufuka kwa Notburga.

"Kwenye msiba tunajua pa kuanzia," akasema mwishowe. "Unga, kuni, maji, zamu. Kwenye hili la mzee... mtu anapita, anaona, anasema mwenyewe hajaomba. Tuliogopa, mwanangu. Tusamehe."

Kabla Notburga hajajibu, Mzee Rupert akamwona kutoka mkekani. "Mkwe! Umechelewa," akaita. "Mama yako amefariki."

Siku nyingine Notburga angemsahihisha. Angesema, Dadi, mama alikufa zamani, tulimzika sote, na mzee angeshtuka upya kana kwamba ndiyo kwanza anaambiwa. Alishafanya hivyo mara nyingi, kwa kuamini ukweli ni dawa. Safari hii hakuwa na nguvu ya kumfisha mtu mara ya mia. Akapiga magoti, akampa mkono kwa heshima.

"Pole, Dadi."

"Asante. Alikuwa mtu mzuri."

"Alikuwa mtu mzuri sana."

Mama Suzana akajongea, akajibwaga mkekani. Yeye na marehemu Ida walikuwa wakiuza ndizi pamoja enzi zao. "Pole, kaka Rupert," akasema, na hapo sauti yake ilikuwa ya kweli tupu. "Unakumbuka alivyomchapa yule mgambo kwa mkungu wa ndizi?"

"Mkungu mzima!" Mzee Rupert akasema, macho yakamng'aa. "Mgambo kakimbia na kofia kaacha! Kofia nikawa navalia shambani mimi!" Akacheka mpaka akakohoa. Wazee wenzake wakaanza kila mmoja na la kwake kuhusu Ida, na msiba wa marehemu aliyezikwa miaka kumi na moja iliyopita ukachangamka kuliko ulivyokuwa mwaka ule alipozikwa, ambapo Rupert mwenyewe, kwa kuwa ndiye mgonga kengele, hakupata hata nafasi ya kuketi.

* * *

Suala la chakula lilibaki. Edmund alipendekeza kila mtu arudishiwe alichochangia.

"Unga umeshaingia kwenye maji," Bakili akasema. "Wewe unajua namna ya kuutoa? Wangoni mmeacha kazi ya kuwapora Wayao mbuzi, sasa mnajipora wenyewe ugali?"

"Tuliwapora kwa kuwa mlikuwa hamjui kuwafuga," sauti ikajibu kutoka chini ya turubai, na hilo likawa ndilo azimio.

Notburga, kwa mazoea, akalisogelea sufuria na kuushika mwiko. Sabra akamnyang'anya.

"Kaa chini."

"Nyumba ni yangu, dada Sabra, nitakaaje..."

"Maiti gani anashika mwiko?" Sabra akamuuliza. "Watu tumekulilia tangu asubuhi, sauti zimekauka, halafu utupikie? Maiti hashiki mwiko. Kaa."

Wanawake wakaangua kicheko. Notburga akakaa kwenye mkeka na kuletewa sahani yake, ugali wa moto na maharage yenye karanga. Alikula taratibu, bila kuinuka hata mara moja. Hakukumbuka lini mara ya mwisho alikula chakula kabla hakijapoa. Tonge la nne machozi yakaanza kumshuka, akaendelea kula hivyo hivyo.

Mzee Rupert alikula sahani mbili. Mama Suzana ndiye aliyempakulia, tena kwa mkono mzito. Alimaliza, akanawa, akajifuta mdomo, akakaa kidogo akitazama kuku. Kisha akamgusa Mama Suzana bega.

"Mama, samahani," akamnong'oneza, kwa mnong'ono uliosikika hadi barabarani. "Mwenye nyumba hii ana roho mbaya. Tangu jana hajanipa chakula."

Kwanza hakuna aliyethubutu. Halafu Bakili akatoa sauti kama gurudumu linalotoka upepo, na uwanja mzima ukavunjika mbavu. Mama Suzana alicheka mpaka akalala ubavu, akafunika uso kwa kanga, na alipoufunua macho yalikuwa mekundu.

"Na mimi na bakuli langu," akasema. "Mbele za wateja wako. Notburga, siku ile ulinyamaza vipi?"

"Ningesema nini? Ningekuonyesha tumbo lake?"

Hapo ndipo Notburga alipopata ujasiri wa kulisema lile kubwa. Upepo ulikuwa umegeuka, na waliokaa karibu na mzee walianza kusogea kwa adabu, mmoja anajifanya anafuata kivuli, mwingine maji ya kunywa. Aibu ilimpanda Notburga, na mara hii akaisema.

"Hajaoga siku tisa," akasema. "Leo ndiye humwogesha akiwa nyumbani. Mimi ni mkwe. Namnawisha mikono, namwosha miguu, basi. Siku nilipojaribu zaidi ya hapo alinifukuza. Jina langu kasahau, la mwanawe saa nyingine anasahau, ila kwamba mkwe hamwoni baba mkwe uchi hilo hajalisahau. Na mimi pia, jamani, ningepata wapi uso wa kumtazama kesho yake? Ndiyo maana nikakubali chumba chenye komeo. Jumamosi fundi anakuja. Nimeona bora anuke ndani kuliko anuke kwa watu."

Wanawake walitazama chini. Nao walikuwa wakwe za watu.

Bakili akapangusa mikono kwenye suruali. "Mimi nilikuja hapa na jembe," akasema. "Mtani ndiye anayechimba. Mmenitangazia maiti, mmenipa mtu anayekula ugali. Sasa mikono yangu niipeleke wapi? Chemsheni maji. Mimi si mkwe wake. Mimi ni adui yake wa jadi. Nitamwogesha leo, na kila Jumatatu na Alhamisi Mungu akinijalia, na akinipiga nitampiga."

"Bakili," Mama Suzana akamwonya.

"Nitampiga sabuni, mama."

Daftari la zamu lilikuwa tayari mikononi mwa Mama Suzana, maana lilikuja na sufuria. Kurasa tatu zilishapangwa kwa ajili ya matanga ya Notburga: nani alale, nani ateke maji, nani akae na mzee. Akakikata kwa mstari kichwa cha habari na kuacha majina. Mtu mmoja akaomba jina lake litoke, ana mashamba. Likatoka. Wawili wakasema wao wataweza Jumapili tu, baada ya ibada. Likaandikwa hilo. "Jumanne na Ijumaa asubuhi ni zangu mimi," akasema Mama Suzana. "Nitakaa naye barazani kwangu. Akitaka kuzurura tutazurura wote, daktari ameniambia nitembee."

Notburga aliambiwa aingie ndani apumzike. Alijibu hana usingizi. Akaingia, akajinyoosha mkekani sebuleni, dakika mbili tu, na Sabra akamfunika kanga kwa sababu ya nzi.

* * *

Leo alipata ujumbe wa kundi alipofika Namtumbo. Aliusoma mara tatu. Akapiga simu ya mkewe, haipatikani. Akampigia Edmund, inatumika, kisha simu yake nayo ikazima. Aligeuza lori lenye korosho za watu na kurudi Songea, na saa kumi kasoro aliliegesha kombokombo mbele ya nyumba yake, mlango wazi, injini inanguruma.

Watu waliokuwa uwanjani walimwona, wakasimama wote kwa pamoja kumweleza. Yeye aliona turubai, moshi na watu wanaomfuata mikono imenyooshwa. Akawapita. Akaingia sebuleni, akaona wanawake sita wamekaa kimya ukutani, na katikati, chini ya kanga, umbo la mkewe lililonyooka.

Leo Luambano, ambaye haliogopi pori la kwenda Tunduru hata na tairi bovu, alianguka magotini na kulia kwa sauti ambayo hakuwa nayo tangu utotoni. "Mke wangu! Nisamehe! Nilikuachia baba peke yako, nimekuua mimi! Nisamehe!"

Kanga ikasogea. Uso wa Notburga ukachomoza, nywele zimesimama, mstari wa mkeka shavuni.

"Leo," akasema kwa sauti ya usingizi, "umekula?"

Mpaka leo Leo hakubali kwamba alizimia. Anasema alijilaza.

Walimwagia maji, wakampa chai ya tangawizi, wakamweleza yote. Alisikiliza akiwa ameshika mkono wa mkewe na hakutaka kuuachia, hata mbele za watu. Akili ilipomrudia vizuri akatazama uwanja, sufuria, daftari.

"Nashukuru," akasema. "Nashukuru sana. Lakini mama Suzana, tusidanganyane. Leo mpo arobaini. Mwezi ujao mtakuwa wangapi?"

"Kumi," Mama Suzana akasema. "Labda saba. Sisi si malaika, mwanangu. Watu watachoka, watagombana, mvua zikianza watakwenda mashambani. Nikifika mimi peke yangu Jumanne, tutakuwa wawili na mkeo. Asubuhi alikuwa mmoja."

Leo akainamisha kichwa. "Na barabara? Akigongwa? Fundi nimeshampa hela ya mbao."

Notburga alivuta pumzi. Wiki nzima alikuwa akilitafuta neno hili. "Mimi nilisema sawa, nakumbuka," akasema. "Lakini mimi ndiye nitakayekuwa nalisukuma hilo komeo kila siku, Leo. Siyo wewe, siyo George. Nitamsikia anagonga. Na nikishazoea kumsikia, nitakuwa mtu gani?"

Kutoka uani, nyuma ya uzio wa matete wa bafu, zilikuwa zinasikika kelele za vita ya Wangoni na Wayao.

"Toka hapa, mla panya!"

"Geuka, Ambuje, babu wee. Geuka mgongo. Miaka yote mnajisifu mlitupiga, kumbe maji tu mnayaogopa!"

"Maji ya moto!"

"Ya vuguvugu! Nyamaza, usimeze sabuni. Jamani, aje mtu mmoja anishikie huyu shujaa, anateleza!"

Leo akanyanyuka. Akavua koti lake, akamwachia mkewe, akakunja mikono ya shati na kuingia nyuma ya uzio. Notburga alimfuata na taulo hadi kwenye matete, akasimama hapo kwa upande wa nje, mgongo umegeuka, kama mkwe anavyotakiwa. Kelele zilipungua. Akasikia maji yakimiminwa kwa kopo, taratibu, na kitambaa kikisugua ngozi.

"Wewe kijana," sauti ya Mzee Rupert ikasema, imetulia, "ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa, mzee," Leo akajibu.

"Una mkono mwepesi. Huyu Myao anakwangua kama anaosha pikipiki." Maji yakamiminika. "Mimi nina kijana wangu. Dereva. Anaitwa Leo. Unamjua?"

Kopo likasimama. Notburga aliishika taulo kifuani na kuufunga mdomo wake asije akatoa sauti.

"Namjua," Leo akasema.

"Ukimkuta njiani mwambie asikimbize gari. Anakimbiza, huyo, tangu mdogo. Mwambie baba yako anasema mimi nipo. Asiharakishe, sijaenda popote. Nipo tu."

"Nitamwambia."

"Usisahau. Watu wa siku hizi mnasahau sana."

Bakili akacheka peke yake, kwa chini. Leo hakucheka. Maji yakamiminwa tena, mara tatu, nne, na Notburga akamsikia mumewe akivuta kamasi kama mtoto. Kisha mkono wake wenye povu ukatokeza juu ya matete kupokea taulo.

"Notburga."

"Abee."

"Namba ya fundi iko kwenye koti, mfuko wa ndani. Omba simu ya mtu umpigie. Mwambie zile mbao atafute mwingine wa kumuuzia, na Jumamosi asije. Jumamosi nitakuwa namwogesha baba."